Wimbo wa Kaka na Kura ya Mfasiri

Mfasiri, aliyetafsiri programu za kompyuta kwa Kiswahili, alikuwa haoni tangu utotoni. Kompyuta yake ndiyo iliyomsomea kila kitu kwa sauti, barua, vitufe, hata makosa yake ya kuandika. Asubuhi hiyo, kwenye mkutano wa watengenezaji wa programu huria, zile ambazo yeyote huzitumia na kuzirekebisha bure, mikono yake ilikuwa ya baridi kama ya mtu anayesubiri sindano.

Walikuja kumaliza ugomvi wa miaka. Kila programu ilitoa sauti kwa njia yake, na zikikutana kwenye kompyuta moja ziligombana kama mafahali zizini. Leo wangechagua mfumo mmoja wa wote. Wa kwanza ulichanganya sauti zote pamoja, ila ulikwaruza kidogo. Wa pili ulikuwa safi ajabu, lakini ulihudumia programu moja tu kwa wakati. Nyingine zilikaa bubu mpaka ile imalize.

Na huo wa pili aliuandika kaka yake, aliyemlea, akamfundisha kompyuta herufi kwa herufi.

"Usiniangushe, mdogo wangu," kaka alimnong'oneza.

"Sijasema kitu, kaka."

"Ndiyo naogopa. Wewe ukinyamaza, kuna jambo."

Alicheka kumridhisha.

"Kabla ya kura, sikieni hii!" Kaka aliinama juu ya kompyuta ya Mfasiri, dada yake, akafungua wimbo kwa mfumo wake. Nyuzi zikalia, safi, kila moja peke yake. Watu wakapiga makofi.

"Haya, pigeni kura," alisema mwenyekiti. "Ukishabonyeza umebonyeza, hakuna kurudi nyuma."

Mfasiri akasogeza kidole. Kimya. Akasogeza tena. Wimbo tu. Alikuwa kwenye kitufe gani? Angeweza kubonyeza popote, yaishe, kaka afurahi.

"Umekwama?" aliuliza mwenyekiti. "Bonyeza tu, mama, tunakusubiri."

"Kaka," alisema. "Imenyamaza."

"Nini kimenyamaza?"

"Kompyuta. Wimbo wako umeiziba mdomo. Wiki jana nilikuwa nikiujaribu mfumo wako nyumbani, ikanifanyia hivihivi. Nilikaa naipapasa tumbo kama lina joto, nijue iko hai. Niliogopa kukwambia."

Kaka akauzima wimbo. Papo hapo kompyuta ikasema, chumba kizima kikisikia: "Mfumo wa pili. Bonyeza kuchagua."

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe hichohicho. Akakirudisha kidole nyuma hatua moja.

"Mfumo wa kwanza."

Akabonyeza. "Kura imepokelewa."

Alingoja kusikia kiti cha kaka kikisukumwa, hatua zikielekea mlangoni. Badala yake kompyuta ikavutwa taratibu kutoka chini ya viganja vyake.

"Lete hapa. Yangu imeisha chaji."

Uongo; feni ya kompyuta ya kaka ilikuwa ikivuma pale pale mezani. Kaka akaanza kuandika jina lake mwenyewe, na kompyuta ikalitamka herufi kwa herufi. Kisha ikasema, "Mfumo wa pili."

Mfasiri akatega sikio.

"Mfumo wa pili," ikarudia.

Kitufe kikalia. "Mfumo wa kwanza." Kikalia tena. "Kura imepokelewa."

"Kidomodomo hiki," alisema kaka, "hakifichi siri kabisa." Akaisukuma kompyuta mpaka ikagusa vidole vya dada yake.