Ada ya Mgeni

Mselemu hakujali hata kutazama mzani. Alitumbukiza mkono ndani ya gunia, akatoa kiganja cha alizeti, akamenya punje moja kwa meno na kutema ganda.

"Nzuri," alisema. "Kavu kabisa. Alizeti yako haina neno, mama Belinda. Bei ndiyo imekufa."

Akaitaja. Felista alidhani kelele za malori yanayoelekea Nzega zimemziba masikio, akamwomba arudie. Mselemu akarudia. Haikufika hata nusu ya ile aliyomtajia wakati wa mavuno.

"Mselemu, wewe si ulinifuata mpaka nyumbani mwezi wa sita? Si ulinibembeleza?"

"Nilikufuata, mama. Ukanifukuza."

Kweli alimfukuza. Shelui nzima iliwafukuza wanunuzi msimu ule, maana mheshimiwa mbunge alikuja mwenyewe, akapanda juu ya gari na kuwaambia wakulima wasiuze. Alizeti ni dhahabu, alisema. Bei itapanda, subirini. Anayemuuzia mlanguzi sasa hivi anamwibia mwanawe. Watu wakapiga vigelegele. Nani angekuwa mwizi wa mwanawe? Felista alishona magunia yake, akayapanga mpaka darini katika chumba alichokuwa akilala Belinda, akasubiri kama alivyoambiwa. Kumbe huko juu wakubwa walikaa kikao chao, wakafuta kodi ya mafuta ya kula yanayotoka nje. Yule yule mheshimiwa alikuwa ndani ya kikao, amekaa kwenye kiti chake, na mkono aliunyoosha.

"Meli zimeshusha mafuta," alisema Mselemu kwa sauti ya chini. Hakuwa mtu mbaya. "Wenye viwanda wanatuuliza wakamue yetu ya nini. Hata mimi stoo imejaa, natafuta pa kuisukumia."

"Nina ada ya mtoto, baba."

"Najua, mama. Nani asiyejua?"

Kila mtu alijua. Belinda alikuwa mwaka wa mwisho wa udaktari wa mifugo, katika nchi ya baridi ambayo mama yake aliijua kwa sauti za simu tu. Alipopokelewa, ada ya mgeni na ya mwenyeji ilikuwa moja, na alizeti ya Felista iliweza, msimu kwa msimu, kwa kujinyima. Halafu wenyewe kule wakafanya uchaguzi. Wakashinda wale waliokuwa wakihubiri kwamba wageni ndio wanaowamaliza. Hawakukawia: ada ya wageni ikapandishwa ikawa mara tatu ya ilivyokuwa, si kwa wanaoanza tu, hata kwa mtu aliyebakiza mtihani wa mwisho. Ilipwe kabla ya mwezi kwisha. La sivyo jina linafutwa chuoni, na jina likifutwa, kibali cha kuishi nacho kimekufa.

"Mama, mimi hata sikuwapigia kura hao," Belinda alisema kwenye simu, akacheka. Kisha kicheko kikageuka, na Felista akabaki na simu sikioni, anamsikiliza mwanawe akilia.

Felista ndiye aliyepiga kura. Alipanga foleni tangu alfajiri, akachovya kidole kwenye wino, akamchagua mbunge huyu huyu. Basi na amwendee.

Alikamata jogoo mkubwa, akamfunga miguu, akapanda basi mpaka ofisi ya mbunge. Mkono mtupu haulambwi. Katibu wa mbunge, Clement, alikuwa kijana wa umri wa mwanawe wa kwanza. Shikamoo hakutoa. Alimtazama jogoo kwanza.

"Karibu, mama. Huyo mpeleke nyuma, kuna binti atampokea."

Felista alimpeleka nyuma, akarudi, akakaa pembeni ya kiti. Alieleza yote. Clement alisikiliza huku kidole kikitembea kwenye simu yake.

"Pole sana," alisema alipomaliza. "Lakini mama, uelewe. Serikali iliyopandisha ada ni ya kule. Sisi hatuwezi kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine."

"Na iliyofuta kodi ya mafuta ni ya wapi?"

Kidole kilisimama.

"Samahani?"

"Nimeuliza, baba. Ada imepandishwa na serikali ya watu, sawa, nimeelewa. Alizeti yangu imeuawa na serikali ya nani? Nilitaka kuuza mwezi wa sita. Mheshimiwa ndiye aliyenikataza."

"Alishauri. Hakukataza. Alitoa ushauri tu, na soko ni soko, mama, halina mwenyewe." Clement alijiegemeza. "Halafu maneno haya, nakuambia kama mwanao, ni ya kisiasa. Usiyaseme kila mahali. Utajiharibia."

Hasira ilimpanda Felista mpaka kooni. Kama mwanao! Mwanawe angemwamkia. Lakini aliimeza, kwa sababu Belinda alikuwa amebakiza siku chache, na mwenye shida haruhusiwi hata kununa.

"Nisaidie basi nimwone mwenyewe," alisema.

Clement alimpa maelekezo. Jumamosi mheshimiwa atakuwa na mkutano Shelui. Mama avae vizuri, akae mstari wa mbele na kina mama wengine, ataitwa. Ila aanze kwa shukrani. Na mambo ya alizeti ayaache nyumbani.

Jumamosi alikaa mstari wa mbele kwenye jua, kando yake Joyce, jirani yake, ambaye naye tangu mavuno alilala chumba kimoja na magunia yake. Felista alikuwa ameyapanga maneno tangu alfajiri: shukrani kidogo, kisha mtoto. Walipoanza kuitwa alisimama kabla jina lake halijamalizika kutajwa, akapanda ngazi za jukwaa.

"Shikamoo, mheshimiwa. Nakushukuru. Mheshimiwa, nina binti yangu anasoma nje, wamempandishia..."

"Hongera, mama!" Mheshimiwa alikigeukia kipaza sauti. "Makofi kwa mama huyu, anasomesha mpaka nje! Haya ndiyo maendeleo!"

Makofi yakalipuka. Mtu alimwekea Felista kitu kizito mikononi. Mheshimiwa alimshika bega, akamgeuza kwenye kamera, na hapo ndipo Felista alipotazama alichopewa: dumu la njano la mafuta ya kula, lenye maandishi ya nchi za watu, na juu yake imebandikwa picha ya mheshimiwa akitabasamu.

"Serikali yenu sikivu imeshusha bei ya mafuta!" mheshimiwa alinguruma. "Kina mama, mpike sasa!"

"Mheshimiwa, mwanangu anafukuzwa," Felista alisema kwa nguvu. "Mwezi ukiisha anafukuzwa! Haya mafuta ndiyo..."

Muziki ulikuwa umeshafunguliwa. Clement alimshika kiwiko, kwa upole kabisa, akamteremsha. Mwingine akaitwa.

Chini ya jukwaa simu ililia kwenye pindo la khanga. Aliipokea kwa mkono mmoja, dumu likining'inia mkono wa pili.

"Mama, umemwona?"

"Nimemwona."

"Kasemaje?"

Felista alifungua mdomo. Watu waliokaa uwanjani walikuwa wakishangilia, wale wale wenye magunia majumbani, wamenyoosha mikono kuelekea jukwaani. Alihisi mtu anamvuta khanga. Alikuwa Joyce, ambaye jina lake halikuitwa.

"Mama Belinda," Joyce alisema, macho kwenye dumu, "kama wewe hulitaki, nipe mimi. Nyumbani sina hata tone."

"Mama? Upo? Mama, kasemaje?"