Muda Uliobaki

Saa mbili na robo asubuhi Mpishi alibonyeza kitufe cha kupika, akaenda kuchemsha maji ya chai. Katika studio ile hakuna aliyesema kurenda, yaani kuiachia mashine iunganishe picha ziwe filamu moja. Picha zilizotoka kwenye kamera ziliitwa mbichi. Zikishakatwa na kupangwa zilipikwa, na filamu ikitoka salama ilisemekana imeiva. Mhariri alikuwa yeye, kwa hiyo wakamwita Mpishi, jina lililomchekesha sana mama yake mdogo, aliyemlea tangu ana miaka tisa na ambaye hajawahi kumwona akiivisha maharage bila kuyaunguza.

Filamu ilikuwa ya dakika kumi na mbili: miaka thelathini ya kiwanda cha viatu. Ilitakiwa ionyeshwe saa tisa alasiri ile ile, mbele ya mkurugenzi na wageni wake. Nusu ya kwanza iliiva kabla maji hayajachemka. Mkurugenzi mwenyewe, aliyehutubia dakika nne nzima, alipikika kwa sekunde tatu; hakuwa na uzito wowote. Kisha ikaja sehemu ya chumba cha gundi, na mashine ikasimama.

Chini ya mstari wa kijani unaoonyesha kazi ilipofikia, pale panapoandikwa muda uliobaki, palisomeka: miaka 197, siku 3.

Mpishi akamwita fundi wa kompyuta. Fundi akaja na bisibisi yake sikioni, akaangalia, akapiga mwayo.

"Hii huwa inatokea," alisema. "Ile filamu ya machimbo ilitusomea miaka elfu mbili. Hebu fungua tuone inapika nini."

Wakafungua. Kwenye picha mbichi, zilizopigwa Jumanne, chumba cha gundi kilikuwa na wanawake kumi na wanne wanaopaka soli kwa brashi. Kwenye zilizoiva walikuwa kumi na tisa. Wale watano wa ziada walikalia viti ambavyo Jumanne vilikuwa vitupu, aproni zao za mtindo wa zamani, nao wakipaka kama wenzao. Wa mwisho, karibu na dirisha lililopigiliwa misumari, alikuwa mama yake Mpishi.

Kiwanda kiliandika juu yake, kama kilivyoandika juu ya wale wengine wanne, kwamba ameacha kazi kwa hiari yake. Barua ilifika nyumbani siku mbili baada ya mazishi yake. Mama Mdogo, aliyekuwa akipaka gundi hatua chache kutoka kwa dada yake, aliisoma, akaikunja, na asubuhi akaenda kazini, maana mtoto alikuwa wa kula na wa kusoma.

"Hiyo ndiyo miaka waliyokuwa wamebakiza kuishi, gundi ikaila," fundi alisema, akigonga kioo kwa ukucha. "Mashine inataka kuipika yote. Tupunguze mipangilio, la sivyo saa tisa itatukuta hapa na aibu yetu."

Wakapunguza. Walishusha ubora wa picha hadi nusu, na wanawake wawili wakatoweka vitini kama watu waliotumwa dukani. Wakazima vivuli, wakaondoka wengine wawili. Mashine ikapumua kidogo. Ilibaki miaka sitini na saba. Kisha fundi akasema watumie nakala nyepesi, zile picha ndogo ambazo mashine hupewa ili isielemewe.

Mpishi aliweka kidole kwenye kitufe asibonyeze. Mama yake hakuwa amezeeka. Sasa binti yake, Mpishi, alimzidi umri kwa miaka minne. Mama alichovya brashi, akaigonga mara mbili kwenye ukingo wa kopo, akapaka, akachovya tena. Mpishi alitamani ageuke mara moja tu, lakini mama alikuwa kazini.

"Nisamehe, mama," alisema kwa sauti mbele ya fundi, wala hakuona haya. Akabonyeza. Miaka arobaini na moja ikashuka kwa mkupuo.

Ilibaki miaka 26, siku 4.

"Kuna mmoja bado," fundi alisema.

Wakahesabu. Walikuwa kumi na wanne kamili, wote wazima, wote wameingia kazini asubuhi hiyo. Fundi akapitisha kishale juu ya mmoja mmoja. Kilipofika kiti cha tatu kikaanza kuzunguka, kikagoma kuondoka. Kiti cha tatu alikaa Mama Mdogo, na brashi yake yenye mpini uliofungwa kitambaa cha bluu.

Saa nne mashine ikasoma siku 5. Saa tano ikasoma siku 6. Sasa kila saa moja ndani ya chumba kile ilimla siku moja ya maisha, mashine ikaijumlisha na zile zilizokwisha liwa, na hesabu hiyo haikuhitaji fundi. Mpishi akapiga simu.

"Mama Mdogo, toka nje."

"Nitoke niende wapi? Kuna nini, umeunguza tena?"

"Toka tu uende hapo uwanjani, nakuomba."

Zikasikika hatua, mlango, kikohozi. Tarakimu zikatulia tuli.

"Haya, nimetoka. Sema."

Mpishi akamweleza yote, mpaka yule wa dirishani. Mama Mdogo akacheka kidogo.

"Kumbe hata mashine inajua! Kifua ni changu, mwanangu, mimi nisijue? Kikulacho ki nguoni mwako, na aproni hii naifua mwenyewe."

"Basi usirudi ndani."

"Nimebakiza mwaka na nusu nistaafu. Nikitoka leo wataandika nimeacha kazi kwa hiari yangu, kwa mkono ule ule uliomwandikia mama yako. Huo uongo sitawasaidia kuuandika." Akakohoa. "Msimamizi ananiita. Jioni ununue mkate."

Mlango ukasikika. Tarakimu zikaanza kupanda.

Saa nane mwenye studio akachungulia mlangoni. "Imeiva?"

"Bado kidogo."

"Kidogo hicho ndicho kitakachotufukarisha. Gari la kiwanda liko nje."

Ulibaki mpangilio mmoja tu: mashine ifuate kinachosogea, visivyosogea iviache. Mama Mdogo alikuwa na tabia ya kutulia anapofanya kazi. Kilichokwenda na kurudi ni mkono na brashi. Mpishi aliogopa, na hakujificha kwamba anaogopa. Alimwambia fundi kwamba akimwondoa hapa huenda ataondoka na kule kiwandani. Fundi akasema hajui, programu haikuja na maelezo ya jambo hilo. Basi Mpishi akapiga simu tena, akaishika sikioni ikiita, na kwa mkono mwingine akabonyeza.

Iliita mara tano, na ya sita. Mstari wa kijani ukakimbia mpaka mwisho.

"Haloo? Wewe mtoto, utanifukuzisha kazi!"

Mpishi akakata simu, akalaza kichwa mezani. Filamu ilikuwa imeiva.

Ilipigiwa makofi. Mkurugenzi alisifu jinsi chumba cha gundi kilivyoonekana kina nafasi na hewa, akaomba filamu ya mwakani ipikwe hivyo hivyo. Mwenye studio akaihifadhi mipangilio ile kwa jina la Kiwanda ili isipotee.

Jioni Mama Mdogo aliitazama kwenye simu, mkate mkononi.

"Mbona mimi simo?"

"Ulikuwa mzito."

"Mimi huyu? Nilivyokonda hivi?" Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, na Mpishi akamshika mgongo mpaka kilipomwachia. Kisha Mama Mdogo akaisogeza simu karibu na macho. Kwenye kiti cha tatu hapakuwa na mtu, lakini brashi yenye kitambaa cha bluu ilikuwa ikijichovya na kupaka soli.

"Ile ni yangu," alisema. "Ona inavyogonga kopo mara mbili. Mama yako ndiye aliyenifundisha, ili isidondoshe."

Akairudia mara tatu, ameridhika. Halafu akaanika aproni. "Kesho tunaingia saa kumi na mbili na nusu. Wale wageni wameagiza viatu."

Mpishi alikuwa ameiacha kompyuta moja ya zamani pembeni mwa studio ikiendelea kupika kiti cha tatu peke yake, bila kupunguza kitu. Asubuhi alifika kukiwa bado na giza, akakaa mbele yake na chai. Miaka 26, siku 11. Usiku kucha haikuwa imesogea. Akaifungua mpaka safu ya dakika, akangoja, mikono imeshikilia kikombe kilichokwisha poa.

Saa kumi na mbili na dakika thelathini na mbili safu ile ikaanza kupanda. Hakuwa na haja ya kupiga simu. Alijua kwamba Mama Mdogo amefika kazini salama.