Mzigo wa Gladys Ccora

Kwetu Lircay, huku milimani Peru, ukitangaza kwamba kesho unakwenda Lima, usitegemee kulala. Watu watakuletea mizigo. Huyu ana jibini ya mwanawe anayeosha magari, yule ana simbilisi wa kuchoma aliyefungwa kwenye gazeti, mwingine ana viazi vilivyokaushwa kwa barafu vya dada yake, aliyekaa Lima miaka ishirini na bado anasema vya huko havina ladha. Na hukatai. Ukikataa mzigo wa mtu umemkataa mwenyewe, na mji wetu ni mdogo, jambo hilo litakumbukwa mpaka kwenye msiba wako.

Mimi, Zósima, ndiyo kabisa siwezi kukataa. Nauza supu sokoni, kwenye benchi la watu watano wanakaa wanane, na supu yenyewe, tuseme ukweli, si nzuri kuliko ya wengine. Wanafuata maneno. Nani kachumbiwa, nani karudisha pete, padri kapandisha sauti kwa nani. Wananiita Redio, nami sijawahi kuchukia.

Basi kidato cha tano, ambacho kwetu ndicho cha mwisho, kilipopangiwa safari ya kumaliza shule, siku moja Huancayo na siku tatu Lima, wakatakiwa wazazi wawili wa kufuatana na watoto. Nilihakikisha mmoja ni mimi. Kwenye mkutano nilisema mpaka mwalimu Wilmer akavua miwani. Nikauliza nani alikaanga kuku wengi kuliko mimi siku tulipowauza kuchangia basi. Nikasema mama Delfina anatapika hata akipanda gari la kwenda Huancavelica hapo. Mama Delfina alikuwepo, akacheka, akasema ni kweli tupu. Wakanichagua, wakidhani napenda kutembea.

Sababu ilikuwa binti yangu, Rosmery. Alikuwa ameshamwomba mwalimu kwamba wakifika Lima amruhusu aende bandari ya Callao, saa moja tu, akaulizie meli ya baba yake.

Meli hiyo niliitunga mimi. Feliciano, mume wangu, alikwenda Lima miaka miwili nyuma kutafuta kazi ya ujenzi. Mwanzoni alipiga simu kila Jumapili, halafu Jumapili moja moja, halafu kimya. Mwezi wa pili, wiki ya kanivali, binamu yangu akanipigia kutoka huko akasema, dada, nakwambia mimi kabla hujaambiwa na wengine, Feliciano anakaa nyumba moja na Gladys, yule binti wa mama Basilia muuza jibini. Nikamwambia haya, asante. Nikakata simu, nikarudi kuondoa povu kwenye supu.

Nilisubiri uchungu. Ukijigonga kidole cha mguu kuna ile nukta moja kabla hakijauma, unajua kinakuja, unakaza meno. Mimi nilikaza meno wiki nzima, ukapita mwezi, tukavuna viazi, tukapanda vingine. Haukuja. Nilikuwa kama shavu ulilochomwa sindano na daktari wa meno, unaligusa, unajua ni lako, lakini halipo. Benchini niliendelea kusimulia habari za wengine, na watu wakaendelea kucheka. Rosmery alipouliza mbona baba hapigi, nikamwambia kapata kazi kwenye meli ya uvuvi, huko baharini simu hazishiki. Hata jina la meli nikampa. Uongo ulinitoka kama mate.

Siku moja kabla ya safari, mizigo ilikuwa imefika thelathini na kitu. Rosmery anaandika jina la mpokeaji kwa kalamu nene kwenye kila kiroba, huku akiwatania wenye mizigo kwamba basi litashindwa kupanda mlima. Nilimtuma dukani akalete kamba. Hapo ndipo mama Basilia akatokea na kiroba mgongoni.

Soko likageuka kututazama. Anayekata nyama aliacha kukata. Mpaka siku ile nilidhani habari ile najua mimi na binamu yangu. Kumbe walijua wote, na kila siku walikaa kwenye benchi langu, wakala supu yangu, wakanisikiliza nikisema ya wenzao.

Mama Basilia hakuniangalia usoni. Akasema huu ni wa Gladys, kama nitaweza. Kiroba kilikuwa kimejaa mpaka mdomoni, na juu kabisa, chini ya kamba, kulikuwa na kofia ya sufu yenye masikio. Ndogo, ingeenea chungwa.

"Hii ya nani?" nikamuuliza.

"Ya mjukuu."

"Ana muda gani?"

"Miezi mitatu, mama Zósima. Hapo nyuma ya mlango patatosha?"

Nikamwambia patatosha. Soko zima lilikuwa linangoja nikitupe kile kiroba katikati ya njia. Nikakipokea, nikakiweka pamoja na vingine, nikaandika jina mwenyewe, Gladys Ccora, kwa herufi kubwa. Nikamuuliza mama Basilia kama anakunywa supu. Akasema amekunywa nyumbani.

Nilikuwa na mpango. Gladys aliondoka Lircay Rosmery akiwa bado mtoto mdogo, hata sura yake haijui. Atakuja kuchukua mzigo wake, nitampa kwa mkono wangu, ataondoka. Mwanangu ataona mwanamke mmoja kati ya thelathini. Kuhusu Callao, nitasema mwalimu kakataa. Tutarudi nyumbani, amalize mitihani, halafu tutaona.

Tuliondoka watoto ishirini na wawili wamevaa yale makoti ya wahitimu, rangi ya mvinyo, kila moja limeshonwa mgongoni majina ya wote ishirini na wawili kwa uzi wa manjano. Waliyangoja mwaka mzima, hata kwenye jua hawayavui. Huancayo walipanda ngazi za umeme kwenye duka kubwa, wakashuka, wakapanda tena, mpaka mlinzi akawauliza wanatafuta nini. Mimi nilikaa chini kwenye kiti na kuangalia viatu vinavyopita. Usiniulize zaidi kuhusu Huancayo.

Alfajiri ya siku ya pili tukaelekea Lima. Kabla ya kuanza mlima dereva alisimamisha basi ili watu wajisaidie, na msaidizi wake akashusha mizigo aipange upya. Kiroba cha Gladys kikawa karibu na mguu wangu, ukingoni mwa barabara, na chini yake bonde. Nilikitazama. Ningekisukuma kidogo tu kwa kiatu. Nilijua sitakisukuma, na wala si kwa wema. Mzigo wa watu lazima ufike. Nikamsaidia yule kijana kukirudisha ndani.

Kileleni Ticlio theluji ilikuwa inaanguka na watoto walitapika kwa zamu. Nikawagawia majani ya koka watafune, ndiyo dawa yetu ya kizunguzungu cha mlimani, nikawashikia vichwa, nikawaambia vichekesho vyangu vya zamani. Rosmery akaja kukaa na mimi. Akasema akimpata baba hatamwambia kwamba amekasirika. Atamwonyesha koti tu.

"Akilikuta jina langu kati ya yote, mwenyewe, bila kuambiwa," akasema, "basi yamekwisha."

Nikamwambia afunge zipu, kuna baridi.

Tuliingia Lima saa nane mchana, mtaa wa mabasi pale La Victoria. Wapokeaji walikuwa wameshajaa, ndugu zetu wa Lircay walionenepa na kuvaa miwani ya jua, wanasukumana kama vile jibini itaisha. Tuna utaratibu wetu. Mpokeaji anafungua mzigo palepale mbele ya mbebaji, kitu kimoja kimoja kinatajwa kwa sauti, ili kesho asije akapiga simu nyumbani kusema Zósima kala simbilisi wake. Rosmery alisimama juu ya kreti, akachukua kazi ya kutaja. Ana sauti yangu. Aliwachekesha watu. Mmoja alikutwa na chupi mpya tano kutoka kwa mama yake mzazi, na mwanangu alizitaja zote tano.

Mimi macho yangu yalikuwa kwa wanawake. Kila anayekaribia namuuliza jina. Kiroba cha Gladys nilikiweka pembeni, nyuma yangu. Kisha mzee mmoja akaja juu kwamba jibini yake imeota ukungu. Nikawa namweleza kwamba jibini hii ikikosa ukungu ndipo umeibiwa. Haikuchukua dakika mbili. Nilipogeuka, Rosmery alikuwa ameshakibeba kile kiroba kifuani, cha mwisho kilichobaki, na anaita.

"Gladys Ccora. Nani Gladys Ccora?"

Mkono mmoja ukanyooshwa nyuma ya watu. Mkono wa mwanaume, una saruji mpaka kwenye kiwiko. Watu wakampisha, na akawa Feliciano.

Nilikuja kujua baadaye kwamba Gladys alimwambia tu kuna basi limetoka Lircay na mzigo wa mama. La shule au la nani, hakuuliza. Kwamba mwaka huu binti yake yuko kidato cha tano, hakukumbuka. Alimwona Rosmery juu ya kreti, mkono wake ukabaki hewani.

Rosmery alitazama jina kwenye kiroba. Akamtazama baba yake. Akanitazama mimi.

Akashuka kwenye kreti, akaweka kiroba chini mbele ya baba yake.

"Fungua, baba. Ni utaratibu."

Feliciano akasema si lazima. Akasema anamwamini. Rosmery akarudia kwamba ni utaratibu, kila mtu amefungua. Basi akapiga goti pale kwenye lami, akafungua kamba, akatoa kimoja kimoja, na mwanangu akataja, sauti ileile ya mwanzo ila hakuna aliyecheka.

"Kofia ya mtoto, moja. Soksi za mtoto, jozi mbili. Blanketi la mtoto. Jibini mbili. Mahindi ya kukaanga. Umeridhika?"

Akasema ameridhika. Akavirudisha vibaya, blanketi likabaki linaning'inia. Akasema umekua, Rosmery. Rosmery akamgeuzia mgongo, na kwa muda nilidhani anaondoka. Hakuondoka. Alisimama wima, mabega nyuma, koti limenyooka, majina ishirini na mawili ya manjano. Alisimama hivyo kitambo kirefu. Feliciano alikuwa anahangaika na kamba. Alipomaliza kufunga alinisalimu kwa kichwa, akabeba kiroba begani, akaondoka.

Rosmery akaniuliza kwa sauti ndogo kama baba amelitafuta jina lake. Ningeweza kudanganya, nilikuwa na mazoezi ya miezi tisa.

"Hakulitafuta," nikasema.

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Na mzigo ukabeba."

Akatikisa kichwa kama watu wazima, akaenda kuwasaidia wenzake kushusha mabegi.

Saa kumi mwalimu Wilmer akatupeleka kula kuku wa kuchoma. Tuliunganisha meza tano. Watoto wote walikuwa wamemwona Feliciano, wanamjua, alikuwa akiwapeleka mtoni walipokuwa wadogo, na sasa wanakula wakitazama sahani zao, wakipeana chumvi kwa adabu. Mtoto wa mama Delfina alianza kusema habari za bahari tutakayoiona kesho, akaishia njiani. Nami nawajua watu wetu. Usiku kila mmoja angesimulia jambo hili kitandani kwake kwa namna yake, na tungefika Lircay habari ina mikia saba.

Rosmery akajifuta vidole. Akasema, sikilizeni, nitaisema mara moja. Akaisema. Baba anaishi na Gladys wa mama Basilia, wana mtoto mchanga, meli haipo, Callao siendi. Mama alikuwa anajua tangu mwezi wa tatu, aliponitungia hiyo meli, akanificha.

Aliisimulia vizuri. Hakulia, hakuongeza chumvi, aliwatazama mmoja mmoja. Mimi nilikuwa naisikiliza kama habari ya jirani, nikitafuna kiazi, hata sikujua kama ni cha moto au cha baridi. Nikaona wasichana wawili wananiangalia, wanangoja nilie. Nami nilikuwa nangoja pamoja nao.

"Wa pili," nikasema.

Rosmery akanigeukia. "Nini?"

"Mwezi wa pili. Wiki ya kanivali. Binamu yangu alipiga simu asubuhi, nilikuwa jikoni naondoa povu kwenye supu."

Ilikuwa mara ya kwanza kuitamka. Meza nzima ikaacha kutafuna. Rosmery akasukuma sahani yake pembeni, akaegemeza viwiko mezani.

"Haya," akasema. "Endelea. Alisemaje?"