Shamba Kwenye Trei ya Mayai

Trei ya mayai Mwaisha aliiomba kwa muuza chipsi wa pale Bigwa. Akaifuta vumbi, akaipaka rangi mstari kwa mstari: wa juu mwekundu, unaofuata wa njano, kisha kijani, hivyo hivyo mpaka chini. Kwenye nyekundu yanakaa maharage, kwenye njano mahindi, kwenye kijani mbaazi. Kila kishimo punje moja. Mtoto anaanzia juu kushoto, anakwenda akihesabu. Mchezo huo aliuona kwenye simu, akaupenda, maana ule wa visoda ulikuwa umemshinda bintiye Shadia, na ule wa maboksi ya dawa ya meno ukamshinda vilevile.

Na huu nao ukamshinda.

"Moja, mbili, tatu, funika," alisema Shadia, akatia hindi kwenye kishimo cha chini kabisa. Akaruka kimoja, akatia jingine.

"Siyo huko, mama. Anzia huku juu," Mwaisha alimwambia.

Mtoto akamtazama, kisha akarudi kulekule chini. "Moja, mbili, tatu, funika."

"Hakuna funika. Baada ya tatu inakuja nne."

"Funika," alisema Shadia kwa upole, kama anayemkumbusha mtu aliyesahau.

Shadia alikuwa na miaka minne na ushee. Tangu alipoachishwa ziwa alikaa milimani kwa bibi yake, Bi Mwanvita, mama yake Mwaisha, huku Mwaisha akihangaika na genge la mboga na baba yake, Halidi, akiwa kazini Ngerengere. Mbegu za vuli zilipokwisha kupandwa, ndipo walipomshusha Bigwa ili aanze chekechea kwa Mwalimu Martina, jirani yao, ambaye hufundisha watoto barazani kwake. Mwalimu Martina alimpa uji, akamsikiliza akihesabu, akampa penseli.

"Bado kidogo, Mama Shadia," alisema alipomaliza. "Cheza naye nyumbani kwanza. Mlete tena shule zikifunguliwa, tutamwangalia."

Sasa shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na mtoto bado alikuwa kwenye tatu na funika yake.

"Mrudishe kwa bibi yake akue kidogo," Halidi alisema kwenye simu. "Pengine mjini kumemchanganya. Kwani tatizo liko wapi?"

Tatizo Mwaisha alilijua, ila hakulisema. Yeye mwenyewe alitolewa mlimani akiwa mdogo kama Shadia, akalelewa mjini kwa mama yake mkubwa kwa ajili ya shule. Kila alipopanda kumsalimia mama yake alipewa kiti na kuulizwa habari za safari, kama mgeni. Akimwacha Shadia kule, mtoto atakua akimjua mama kuwa ni mtu anayekuja na mkate. Lakini afanye nini? Alijaribu kila mchezo aliouweza kwa mkasi na gundi. Akaanza kuamini kwamba asiyejua ni yeye, na kwamba kuendelea kumng'ang'ania mtoto ni kumtesa. Akazifunga nguo zote za Shadia kwenye mfuko wa salfeti.

Bodaboda iliwaacha mahali ambapo barabara inakwisha, wakapanda kwa miguu. Shadia alijivika trei kichwani kama kofia na kukumbatia kopo la siagi lenye punje. Hakuna aliyemwambia avichukue.

Walipofika kwenye kona inayotazamana na shamba la Bi Mwanvita, Mwaisha akatua mfuko apumzike. Shamba lilikuwa ng'ambo ya bonde dogo, limeegemea mlima kama mkeka ulioanikwa ukutani. Shadia akaketi kwenye nyasi, akaegemeza trei magotini, upande mmoja juu, mwingine chini, akafungua kopo.

Mwaisha akamwacha acheze. Leo hakuwa na hamu ya kumsahihisha. Na kwa kuwa hakumsahihisha, kwa mara ya kwanza akamtazama.

Mtoto alianzia chini. Mahindi, mahindi, akaruka kishimo, mahindi. Akapanda mstari. Maharage, maharage, akaruka viwili. Mkono wake haukusita. Mwaisha akakumbuka kwamba hata jana aliruka vishimo hivyo hivyo, na juzi, na siku ile alipomfokea.

"Hapa mbona hujaweka?"

"Pana jiwe."

"Na hapa?"

"Maji."

"Na hapa juu?"

"Babu," alisema Shadia, akaendelea kupanga.

Mwaisha akainua macho.

Ng'ambo ya bonde, chini kabisa ya mteremko, mahindi yalikuwa yamesimama, yamekatwa katikati na jiwe jeusi kubwa kama ng'ombe aliyelala. Juu yake maharage, na ndani ya maharage ufa wa kijani kibichi, penye chemchemi. Juu zaidi, mahali ambapo hapajaguswa na jembe, kaburi la baba yake. Akatazama trei. Akatazama mlima. Mlima mzima ulikuwa umeketi magotini pa mtoto wake, na siku zote hizi ulikuwa sakafuni kwake Bigwa, akiukung'uta na kurudisha punje kwenye kopo.

Kona moja tu haikulingana. Shadia alikuwa ameweka mbaazi tatu, na kule shambani palikuwa na udongo mtupu.

Walimkuta Bi Mwanvita chini ya shamba, ameinama, anapandia maharage ya kuchelewa kati ya mahindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mke mwenzangu huyo! Umenifuata, au umefukuzwa huko kwa kutokujua kupika?" Shadia akacheka, akamrukia kiunoni. Bibi akaiona trei. "Na kofia gani hii imeota mahindi?"

Mwaisha akamwonyesha, akieleza kwa sauti ndogo, kama mtu aliye msikitini. Bi Mwanvita akafuta mikono kwenye kanga, akaishika trei, akaifuata kwa kidole mstari kwa mstari.

"Mbaazi hizi," alisema hatimaye, akigusa ile kona. "Ziliota vibaya. Nilizing'oa alipoondoka." Akamtazama mjukuu wake. "Hili ni shamba la siku aliyoondoka."

Ukungu ulikuwa unashuka kutoka kileleni, ukipita juu ya kaburi.

"Mimi nilimwambia aanze juu," alisema Mwaisha.

"Juu? Wewe umewahi kuona wapi mtu akaanza kulima mlima kutoka juu? Uporomoke na udongo wako mpaka mtoni? Sisi tunaanza chini, tunautazama mlima usoni, tunapanda nao. Mjini wamekufundisha mpaka umesahau mlima unaanzia wapi!"

Alisema kwa mzaha, lakini Mwaisha hakuweza kucheka.

"Na hiyo funika yake, mama?"

Bi Mwanvita alichimba shimo dogo kwa ncha ya jembe, akamnyooshea Shadia kiganja chenye punje.

"Moja, mbili, tatu," mtoto alidondosha, akausukuma udongo kwa unyayo, "funika."

Mwaisha akapiga magoti. Akaomba punje na yeye. Wakapanda, mama mmoja mbele na jembe, mwingine nyuma na mtoto, na mara mbili Shadia alimshika mkono Mwaisha kumwonyesha kwamba ameweka nne.

"Na mfuko huo wote wa nguo?" Bi Mwanvita aliuliza bila kugeuka. "Unaniachia?"

Mwaisha alitazama salfeti iliyokaa kando ya njia.

"Za kubadilisha tu. Jumapili tunashuka wote. Nina trei ya kugeuza, nimeipaka rangi kichwa chini. Na wewe, mama, ukimaliza palizi uje Bigwa ukae na sisi kidogo. Mimi sikupanda na wewe hata msimu mmoja."

Jembe lilisimama. Kisha likaendelea, polepole zaidi.

Walipofika penye jiwe jeusi wakanyoosha migongo. Mwaisha akatazama chini walikotoka, kwenye vichuguu vidogo vilivyojipanga nyuma yao.

"Shadia, tumefunika mashimo mangapi?"

Mtoto akageuka. Akaanza na lile la chini kabisa, akiyanyooshea kidole moja moja, akipanda nayo.

"Moja. Mbili. Tatu."

Mwaisha akaingoja ile funika.

"Nne," alisema Shadia. "Tano. Sita. Saba. Nane." Kidole kikafika miguuni pao, kikaligusa lile jiwe lenye ubaridi. "Halafu jiwe."