Kisima Kilichotiwa Bluu

Mtaa mzima ulimwita Povu, na hakuna aliyekumbuka jina hilo lilianza lini. Alikuwa dobi. Mashati ya watu yalipitia mikononi mwake, na habari zao pia, maana anayefua kola za watu hakosi la kujua. Uani kwake kulikuwa na kisima alichochimba marehemu mumewe kwa mikono yake mwenyewe, na sasa kisima hicho kilikuwa kimehukumiwa kifo.

Kosa halikuwa lake. Mwisho wa barabara palikuwa na gereji iliyofungwa zamani, ikaacha tangi la mafuta limezikwa ardhini. Tangi likaoza, mafuta yakavuja, yakazama polepole mpaka kwenye maji ya chini. Shuka za Povu zikawa zinaanuliwa zikinuka lori. Wakazi walipiga kelele hadi wakaletewa mtaalamu wa maji, dada mmoja mwenye buti kubwa na kicheko kisichokaa mbali.

Mkutano ulifanyika darasani, watu wazima wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yanakaribia kugusa videvu. Mtaalamu akaeleza: mashine itawekwa pale gerejini, itavuta maji machafu, itayapitisha kwenye mapipa ya mkaa na kuyarudisha ardhini yakiwa safi. Wakazi watashika zamu ya kuiangalia. Hapo wakapiga makofi. Kisha likaja la pili: visima ambavyo mashine haiwezi kuvifikia vitajazwa zege, mtu asije akanywa sumu.

"Na changu?" Povu akauliza.

"Chako kiko mbali, mama, na katikati kuna mwamba. Sidhani kama mashine itakifikia. Nitakuja kuchukua maji ya kupima mara ya mwisho, halafu ndiyo zege. Pole sana."

Povu alilia njia nzima, wala hakujificha. Pembeni yake alitembea wifi yake, dada wa marehemu, aliyekuwa akiishi naye. Wifi alikuwa kimya, na wifi akinyamaza ujue kuna jambo linapikwa.

Siku ya kipimo Povu alitoka kupeleka nguo za watu, akamwachia wifi ufunguo wa mfuniko wa kisima. Hapo ndipo alipokosea. Wifi huyu alikuwa na moyo mweupe na mikono isiyotulia. Kwake yeye mgeni hapokelewi kwenye uchafu, na kisima cha kaka yake hakingeaga dunia mbele za watu kikiwa kimepauka hivyo. Shati jeupe likififia si hutiwa bluu? Basi akabeba dumu zima la bluu ya kufulia, akamimina hadi tone la mwisho.

Mtaalamu alivuta chupa yake, akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Jamani, nani amefua humu ndani?"

"Nimekisafisha tu," wifi akajibu kwa fahari. "Umekuja ugenini, dada."

Povu aliingia na kapu lake tupu wakati huohuo. "Mungu wangu! Wifi, umenimaliza!"

"Sasa si kinapendeza?"

Kipimo kikawa kimeharibika. Mtaalamu, akijing'ata midomo asicheke, akasema zege lingoje mpaka rangi ipungue. Povu akamnyang'anya wifi ufunguo, akaufunga kwenye pindo la nguo yake, akanuna. Walikula meza moja lakini maneno yalipitia kwa paka. "Paka, mwambie mwenzako chumvi imezidi." "Paka, mwambie apike yeye."

Wiki zikapita hivyo, paka akachoka kutumwa. Mpaka mchana mmoja mwokaji mikate, aliyekuwa zamu kwenye mashine, akaja mbio na unga kwenye nyusi.

"Njooni! Mashine inatapika bluu!"

Mtaa ukatoka mzima. Kwenye tangi la kwanza, la maji ambayo bado hayajafika kwenye mkaa, rangi ilionekana, hafifu lakini bluu kweli. Mtaalamu akaitwa, akachota, akainua chupa mwangani.

"Mimi huku sijatia kitu!" wifi akajihami mapema.

"Najua. Hii imetoka kisimani kwenu, imepita chini ya nyumba zote hizi." Kile kicheko chake kikamtoka. "Mwamba una ufa, na mimi nilikosea. Mashine inakifikia kisima chenu!"

"Kwa hiyo?" Povu akauliza.

"Kwa hiyo hakuna zege, mama. Uchafu utavutwa kama bluu ilivyovutwa. Ni kusubiri tu na kupima."

Povu alikaa chini palepale kwenye vumbi, akacheka mpaka kamasi. Watu wakambeba wifi juujuu, na tangu siku hiyo jina lake likawa Bluu.

Subira huvuta heri, ingawa huvuta taratibu. Siku majibu yalipotoka safi, ua ulifurika, mwokaji kaja na mikate ya moto, buti za mtaalamu zimekanyaga kila mtu. Wakampisha Povu avute ndoo ya kwanza. Yeye akafungua pindo lake, akatoa ufunguo, akauweka kiganjani mwa wifi.

"Fungua wewe. Ni kisima cha kaka yako."

Wifi akafungua, akavuta kamba. Ndoo ikapanda na maji maangavu, naye akaiinamia, machozi yakimdondokea humo tone kwa tone.

"Wifi," Povu akasema, naye analia, "hivi mpaka leo hujaacha kutia vitu humo?"