Kitufe cha Rudi

Melania alizaliwa na kukulia Kasingirima, mtaa wa mjini Kigoma, akaenda Mwanza kusomea kompyuta, kisha akarejea Kigoma wakati kompyuta za mji mzima zilikuwa za kuhesabika kwa vidole. Mwaka 2003 akapata kazi katika shirika dogo lililokuwa likiwatafutia wakimbizi ndugu zao waliopotezana. Ofisi yao ilikuwa ndani ya kituo cha mapokezi, juu kidogo ya ufukwe, mahali ambapo watu waliovuka ziwa kutoka Burundi walikaa, wengine wiki, wengine miezi, kabla ya kupelekwa kambini.

Kazi aliyopewa ilikuwa kutengeneza programu. Mtu akifika, anataja jina lake na majina ya wale anaowatafuta, kompyuta inalinganisha na majina yaliyokwisha kuandikishwa makambini na vijijini, wakipatikana, wanakutanishwa. Melania aliifanya kazi ile kwa moyo wote. Programu nyingine zote alizowahi kuziona mjini zilikuwa za Kiingereza, na makarani walikariri vitufe vyake kama sala ya Kilatini. Yake aliiandika kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Tena akaomba kioo cha pili, akakigeuza kimwelekee mgeni, ili mtu alione jina lake mwenyewe na kulisahihisha. Majina ya Kirundi ni marefu, na makarani walikuwa wakiyakatakata ovyo.

Siku ya kufungua, mgeni wa kwanza alikuwa Mzee Barutwanayo, mkamua mawese kutoka Rumonge, mtu mpole mwenye kofia ya kufuma. Huko kwao Kiswahili kinasemwa sokoni, naye kusoma alikuwa anajua. Gloriose, mama wa Kirundi aliyekuwa mkalimani wa ofisi, alimkaribisha kitini. Leodgar, mkuu wa ofisi, akashika kipanya. Melania alisimama pembeni, amejaa furaha.

Jina la mzee liliandikwa, akalitazama kiooni, akatikisa kichwa kuonyesha kuwa ni sawa. Kisha macho yake yakashuka chini, kwenye vitufe. Akavisoma kwa sauti ndogo, kimoja kimoja. Cha kwanza kilikuwa na mshale unaoelekea kushoto: RUDI. Cha pili kilikuwa na picha ya nyumba: NYUMBANI. Cha tatu, FUNGA.

Mzee aliinuka, akavaa kofia yake, akasema kwa adabu kwamba amekumbuka ameacha sufuria jikoni. Akatoka na hakurudi.

Kesho yake hakuja mtu. Siku iliyofuata akaja mama mmoja, akachungulia mlangoni, akaona kile kioo, akaondoka. Leodgar alidhani watu wanaogopa umeme. Melania alidhani kosa ni lake, labda alivaa vibaya, labda Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kiha kiliwachekesha. Ilikuwa jioni ya siku ya tatu ndipo Gloriose, ambaye alikuwa ameenda kuchota maji na wenzake, aliporudi na habari. Kituo kizima kilikuwa kinasema ofisini kuna mashine ya kurudisha watu kwao. Unataja jina lako, karani anabofya, na Ijumaa jina lako linaitwa kwenye lori la mpakani. Ukikataa, unafungwa.

Melania alikaa akaitazama kazi yake upya. Maneno yale aliyatumia kila siku bila kuyafikiria: kurudi kwenye ukurasa uliopita, kwenda ukurasa wa nyumbani, kufunga dirisha. Sasa akayasoma kama mtu aliyevuka ziwa usiku na watoto mgongoni, akaona aibu.

Asubuhi alimfuata Mzee Barutwanayo kwenye hema lake. Akamwamkia shikamoo, akakaa kwenye dumu alilosogezewa, akamweleza kwamba mshale ule ulikuwa wa kurudisha karatasi, si mtu. Mzee alimsikiliza hadi mwisho.

"Binti yangu, mimi sijakataa kwetu," alisema. "Ipo siku nitarudi. Ila nilitaka niulizwe kwanza."

Melania alimwambia atabadilisha vitufe vyote, na akamwomba aje avisome kabla ya mtu mwingine yeyote. Mzee akakubali, kwa sharti kwamba asiulizwe jina lake kwanza.

Jumamosi hiyo Melania alichora vitufe kwenye vipande vya karatasi, picha bila maneno, akavipeleka Katonga, ambako shangazi yake Rozalia aliuza dagaa na migebuka. Aliona kwamba kama maneno yamemponyoka, huenda na picha zimemponyoka. Shangazi alipangusa mikono kwenye kanga, akazishika karatasi moja moja, na wauza samaki wenzake wakamzunguka kutazama.

Kioo cha kukuzia, ambacho kilikuwa kitufe cha kutafuta, walikiona kikaango. Picha ya diski, ya kuhifadhia kazi za kompyuta, walibishana kama ni redio au kiberiti. Melania akatoa picha aliyokuwa na hakika nayo, pipa la taka, la kufutia kitu.

"Hii ndoo," alisema shangazi. "Unaweka samaki wako wazuri humu, unafunika, wasipate nzi."

Wote waliafiki. Melania akawaza juu ya karani mpya anayeweka majina ya watu ndani ya ndoo ili yatunzike, akajikuta anacheka peke yake. Shangazi naye akacheka bila kujua sababu, akamfungia migebuka miwili, akamwambia kazi ya kuchora ikimshinda, kuna nafasi kwenye meza yake.

Wiki iliyofuata ilikuwa ya kubomoa na kujenga. Kila kitufe kipya Melania alikipitisha kwanza kwa Gloriose. RUDI kikawa UKURASA ULIOPITA. Hicho kilipita. Picha ya nyumba aliitoa kabisa, akaandika MWANZO. FUNGA alikibadilisha kikawa ONDOKA, na Gloriose akacheka hadi akashika ukuta. Akaandika TOKA, mambo yakawa mabaya zaidi. Akaandika MALIZA, na Gloriose, ambaye sasa hakucheka tena, akasema kwamba yeye ameona watu wakimalizwa. Melania akalifuta. Kisha Melania akaandika TUMEMALIZA. Gloriose alilisoma mara mbili, akasema hilo ni neno la watu waliokaa pamoja, wanaagana.

Pipa la taka lilitolewa, yakawekwa maneno FUTA MAANDISHI HAYA. Kikaango kikaondoka, zikachorwa nyuso mbili zinazotazamana, na chini yake TAFUTA NDUGU.

Kilibaki kitufe kimoja, na hicho ndicho kilichomtesa. Mzee Barutwanayo alipokuja kusoma, aliridhika na vyote, kisha akaweka kidole kwenye kioo, juu ya neno HIFADHI, akauliza kama hicho kinaweza kubofywa mara mbili.

Melania hakuelewa. Gloriose ndiye aliyeng'amua kwanza. Kwa Melania, kuhifadhi ni kuweka maandishi yasipotee. Kwa mzee, hifadhi ni kile kitu ambacho kila aliyevuka ziwa alikuwa anakiomba serikalini: ruhusa ya kukaa bila kuguswa. Aliona karani atabofya hapo, na yeye atakuwa salama.

Leodgar alisema kiachwe. Kinawapa watu moyo, na hakuna anayedhurika. Melania alitamani kukubali, maana kilikuwa kitufe pekee walichokipenda. Lakini alijua kompyuta yake haina hifadhi ya kumpa mtu. Akamgeukia mzee, akamweleza kwamba kitufe hicho kinaandika jina lake tu lisisahaulike, hakiwezi zaidi ya hapo. Uso wa mzee ulishuka.

"Basi andika hivyo," alisema. "Kwamba linaandikwa lisisahaulike. Hata hilo si dogo."

Melania akafuta HIFADHI, akaandika WEKA KUMBUKUMBU.

Mzee akavua kofia, akakaa vizuri kitini, na sasa akataja jina lake mwenyewe bila kuulizwa. Kisha akataja la dada yake, Agnesi Nkeshimana, waliyeachana naye ufukweni miaka kumi nyuma, watu walipokuwa wanagombania mtumbwi. Leodgar akabofya zile nyuso mbili. Kompyuta ilinguruma, ikafikiri, ikaleta mtu mmoja: Agnesi Nkeshimana wa Rumonge, ameolewa na mkulima wa kahawa, anaishi Kalinzi.

Kalinzi ilikuwa pale pale, juu ya milima inayoonekana kutoka mlangoni. Mzee alitoka nje akaitazama milima ile kama mtu aliyeonyeshwa kwamba ameegemea mlango wa jirani kwa miezi yote hiyo.

Agnesi alikuja Alhamisi, kwa pikipiki, na mkungu wa ndizi kwenye mapaja. Waliposhikana hawakuachiana kwa muda mrefu, na Gloriose alilia waziwazi. Walipoachiana, wakaanza kugombana. Agnesi alisema kaka yake ndiye aliyemwacha ufukweni. Mzee alisema yeye ndiye aliyeachwa, alienda kuchukua kibuyu cha mawese na aliporudi mtumbwi ulikuwa katikati ya maji. Waligombana kwa Kirundi, kwa Kiswahili, kisha wakarudia kwa Kirundi, wakicheka na kufutana machozi, huku watu waliokuwa wamejipanga mlangoni wakichagua upande.

Maana sasa mlangoni kulikuwa na foleni. Ilianzia kwenye ngazi na kuzunguka hadi nyuma ya jiko. Leodgar alimwombea mzee kibali cha kwenda Kalinzi kumwona shemeji yake, na mzee, ambaye alikuwa hajawahi kupanda pikipiki maishani, alipandishwa katikati, kati ya dereva na dada yake. Alimkumbatia dereva kiunoni kwa nguvu hadi yule kijana akaomba apumue.

Melania alisimama kuwaangalia mpaka walipopotea kwenye kona. Gloriose akamwita kutoka ndani, mgeni wa pili ameshakaa.