Mistari Iliyopinda Hirbadaw

Kabla hajawa msimamizi katika shamba la ngano la serikali, Nikolausi Akonaay alikuwa frateri. Alisoma falsafa seminari kuu, akavaa kanzu nyeupe, na mama yake Imakulata, kule kijijini Daudi, alikuwa ameshaanza kumwita padri mbele ya majirani. Kisha wito ukamtoka hivi hivi, kama usingizi unavyomtoka mtu alfajiri. Akarudi nyumbani na sanduku la mbao na kichwa kilichojaa mawazo ya Wazungu waliokufa zamani. Daudi watu wanalima mahindi na maharage kwenye miteremko, na falsafa haina pa kupandwa. Basi aliposikia kwamba kule chini, uwandani Hanang, serikali inafungua mashamba makubwa na inatafuta watu wanaoweza kusoma vitabu vya matrekta vya Kiingereza, akashuka.

Ilikuwa miaka ile ya themanini mwanzoni, sabuni ya kupanga foleni na sukari ya kusikia kwa jirani, lakini kwenye mashamba ya ngano dizeli haikukauka. Matrekta yalikuwa makubwa kama nyumba. Nikolausi alikabidhiwa madereva, na haukupita muda wakambandika jina la Padri.

Mchana, wakila makande kwenye kivuli cha trekta, walikuwa wakimchokoza. "Padri, leo unatuletea Mzungu gani?" alikuwa akiuliza Ignasi, dereva mwenye maneno mengi kuliko wote.

Siku moja aliwaletea Mwingereza mmoja aliyefundisha kwamba ardhi ni ya yule aliyechanganya jasho lake nayo, na kwamba ardhi isiyolimwa ni kama haina mwenyewe.

"Basi hili shamba ni la trekta," Ignasi alisema. "Mimi nimekaa tu. Anayetoka jasho ni yeye."

Walicheka. Alfredi, aliyekuwa mkubwa wao kwa umri, hakucheka. "Na Wabarbaig je? Ng'ombe wao wamekula majani haya tangu enzi za mababu."

"Kuchunga si kulima, mzee Alfredi," Nikolausi alijibu. Alijibu upesi, maana jibu hilo alikuwa ameshajipa mwenyewe mara nyingi kitandani.

Siku nyingine aliwaletea askofu mmoja wa visiwa vya kule Ulaya, aliyeshikilia kwamba kuwepo ni kuonekana. Kitu ambacho hakuna anayekiona, hakipo.

"Mke wangu yuko Mbulu," Ignasi alisema. "Kwa hiyo sasa hivi hayupo?"

"Yupo. Mungu anamwona."

"Afadhali. Maana mimi nilishaanza kutafuta mwingine."

Hayo yalikuwa maneno ya mchana, ya kushushia makande. Yaligeuka kuwa kitu kingine walipopelekwa kufungua kipande kipya upande wa Hirbadaw.

Katikati ya kipande kile palikuwa na kaburi. Si kaburi la msalaba. Lilikuwa kilima cha udongo, kirefu kupita kimo cha mtu, kilichojengwa kwa mikono ya ukoo mzima kwa ajili ya mzee mmoja mheshimiwa. Wabarbaig hawamjengei kila mtu kilima cha namna ile. Amri kutoka ofisini ilikuwa fupi: kipande chote kilimwe, mistari isikatike.

Madereva walizima injini.

Pale kilimani alikuwa amesimama mama mmoja mzee, amevaa sketi ya ngozi, bangili za shaba mikononi hadi kwenye viwiko. Nikolausi alivua kofia akamwendea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa Akonaay, wa Daudi."

"Baba yako yuko hai?"

"Alishafariki, mama."

"Amelala wapi?"

"Nyumbani. Kando ya shamba la maharage."

"Hakuna anayemlima?"

Nikolausi alitazama chini. Mama yule akaweka kiganja chake juu ya udongo, kama mtu anayemshika ng'ombe wake. "Huyu ni Gidahosh, mume wangu. Mwanangu Gidamis yuko na ng'ombe, mbali. Mimi nakuja kumwona kila asubuhi. Ninyi mnataka kumfanya nini?"

"Tutasawazisha udongo tu, mama. Yeye atabaki kule chini alipo. Hakuna atakayemgusa. Hataonekana tu."

Mama Gidamis alimtazama usoni muda mrefu, kama mchungaji anavyotazama alama kwenye ng'ombe wa mtu asije akamsahau. "Hataonekana," alisema. Kiswahili chake kilikuwa kizito, na Nikolausi hakuweza kujua kama lile lilikuwa swali au ni kukubali. Kisha akaondoka, polepole, bila kugeuka.

Madereva wakakataa. Alfredi alisema ana wajukuu. Nikolausi akawaambia kwamba kitu kikishasawazishwa hakuna wa kukiona, na kisichoonekana hakipo, ni hesabu nyepesi. Hakuna aliyewasha injini. Basi akapanda trekta mwenyewe. Udongo ulikuwa laini kuliko alivyofikiri, na haro, lile jembe la visahani linalovutwa na trekta, ilipita kama inapita kwenye uji.

Mvua zilinyesha vizuri mwaka ule. Ngano ilipofika magotini, Nikolausi na Alfredi walipanda kilima kilichoko pembeni ya shamba ili kuona kama kuna mahali mbegu haikuota. Alfredi ndiye aliyenyoosha kidole.

Mistari ilitoka mbali, imenyooka kama uzi. Ilipofika pale, ilipinda. Iligawanyika, ikazunguka duara kubwa, ikakutana tena upande wa pili na kuendelea, kama maji yanavyozunguka jiwe mtoni. Ndani ya duara udongo ulikuwa mtupu.

"Nani aliendesha mashine ya kupandia hapa?" Nikolausi aliuliza.

"Ignasi. Na wewe ulikuwa umesimama nyuma, juu ya mashine yenyewe. Ulisema mistari imenyooka."

Waliteremka, wakaingia shambani kwa miguu. Walipofika pale, hapakuwa na duara. Ngano ilikuwa imesimama kila upande, kijani, mistari imenyooka hadi macho yanapoishia. Walirudi kilimani. Duara lilikuwepo. Walishuka tena. Ngano tupu, upepo unaipapasa.

Alfredi alifanya ishara ya msalaba. "Mimi sirudi huku," alisema, na kweli hakurudi. Aliomba ahamishiwe karakana.

Nikolausi alijiambia ni macho tu. Alimkumbuka Mfaransa mmoja wa seminarini, aliyejiuliza itakuwaje kama kuna pepo mwerevu anayemdanganya kila anachokiona, mbingu, ardhi, hata mikono yake. Mfaransa yule alipata jambo moja tu la kushika: mimi ninayetilia shaka, angalau mimi nipo. Nikolausi alilishika jambo hilo kwa mikono miwili. Walau mimi nipo, alisema kila asubuhi akinawa uso.

Lilianza dogo. Mkutanoni, bwana shamba, mkuu wake wa kazi, aliuliza, "Msimamizi wa Hirbadaw yuko wapi?" na Nikolausi alikuwa amekaa mbele yake. Alipojibu, watu walishtuka. "Kumbe upo hapa!" Walicheka, naye akacheka nao.

Kisha mpishi akawa anamruka. Chakula kilipita kulia, kikapita kushoto, na yeye alibaki na bakuli tupu mpaka aseme. Kisha Bura, mlinzi wa geti, kijana mwenye adabu ambaye hakuwahi kumpita mtu bila shikamoo, akaanza kumpita. Kule kwetu hilo si jambo dogo. Mtu anaweza kunyimwa mshahara akavumilia, lakini kunyimwa salamu ni kama kuambiwa umekufa. Nikolausi alimsimamisha.

"Bura, nimekukosea nini?"

Kijana aliruka kama aliyekanyaga nyoka. "Shikamoo, bwana Akonaay! Samahani, sikukuona. Nilidhani..." Hakumalizia.

"Ulidhani nini?"

"Nilidhani getini hakuna mtu."

Kadiri ngano ilivyokauka na kugeuka rangi ya simba, ndivyo sauti yake nayo ilivyozidi kukosa wa kuisikia. Alisema jambo, wakaendelea kuzungumza. Alimgusa mtu begani, mtu akajikuna. Chumbani alisimama mbele ya kioo cha kunyolea, na uso wake ulikuwepo, ndevu na kila kitu. Lakini aliyekuwa akiutazama ni yeye mwenyewe. "Mimi nipo," alikiambia kioo. Neno lile lililomtosha Mfaransa halikumtosha yeye. Alitamani hata mtu wa kumtukana.

Wakati wa kuvuna ulipofika, Ignasi alipangiwa kombaini upande wa Hirbadaw. Nikolausi hakumwomba mtu ruhusa, maana hakuna ambaye angemsikia. Alitembea katikati ya ngano, jua likiwa utosini, hakuna kivuli wala ndege, hadi mahali pale ambapo kutoka kilimani palikuwa na duara na kutoka chini hapakuwa na kitu. Alitaka kusimamisha mashine. Hakujua atasimamishaje.

Mama Gidamis alikuwa pale. Alikuwa amemwaga maziwa chini, na ardhi ilikuwa bado haijayanywa.

"Umekuja," alisema.

Nikolausi alimsogelea. "Mama, unaniona?"

"Nakuona. Nimekutazama tangu siku ile. Sijaacha."

"Wengine hawanioni. Umeniroga?"

"Mimi?" Mama alishangaa kweli. "Mimi nimekuroga kwa nini? Ulimtoa mtu nyumbani kwake. Aliyetolewa nyumbani hufikia kwa nani? Hufikia kwa yule wa kwanza anayekutana naye. Gidahosh amefikia kwako. Ni mtu mkubwa. Akikaa mahali, anajaa."

Kombaini ilikuwa inakuja. Vumbi lake lilipanda kama moshi wa moto wa nyika, na mbele yake ile ngoma ya kukusanya ngano ilikuwa inazunguka, inazunguka, inalaza masuke kwenye visu. Nikolausi alikimbia akasimama mbele yake. Alivua kofia akaipunga. Alipiga kelele jina la Ignasi. Aliuona uso wa Ignasi juu kule nyuma ya kioo, anatafuna kitu, anatazama mbele, anatazama pale pale aliposimama Nikolausi, na macho yake hayakugota popote.

Miguu ilimgoma. Alifumba macho, akasikia mkono mkavu ukimshika mkono, na shaba za baridi.

Injini ikalia, ikakohoa, ikazimika.

Ignasi aliruka chini, midomo imekauka. "Mnataka kufa? Mama, wewe na mzee wako, mmetoka wapi? Imebaki kidogo nimpitie mzee wa watu, kasimama na fimbo yake hata hasogei!"

"Mzee gani?" Nikolausi aliuliza.

Ignasi alimgeukia, akapepesa macho kama mtu aliyetoka gizani. "Padri? Wewe umetokea wapi? Yule mzee mrefu aliyekuwa hapo uliposimama, mwenye shuka jeusi, kaenda wapi?"

Mama Gidamis alikuwa anatabasamu, si kwa Ignasi, wala si kwa Nikolausi, bali kwa mahali palipo juu kidogo ya bega la Nikolausi.

Ignasi aliiacha kombaini palepale akarudi kambini kwa miguu. Alichosema huko kilitosha, maana kipande kile hakikupata dereva, na ngano yake ikaliwa na ndege. Nikolausi alichukua koleo. Kwa siku nyingi alirundika udongo, mama akimwelekeza, naye Gidamis akaja na ndugu zake na mikokoteni ya punda. Kilima kilianza kuinuka tena. Watu wakaanza kumwona Nikolausi, kidogo kidogo, na wa kwanza kumwona vizuri alikuwa bwana shamba, aliyemwachisha kazi.

Msimu uliofuata akaletwa msimamizi mwingine na madereva wa mbali, wasiojua habari za mtu. Haro ikapita tena juu ya kaburi. Nikolausi alisikia habari hiyo akiwa Mbulu mjini, anasubiri gari la Daudi. Alikaa chini kwenye sanduku lake, akahisi kitu kinamwelemea mabegani taratibu, kama mtu mzima anayechoka kusimama.

Hakukiogopa. Alisogea kidogo kwenye sanduku, akakipa nafasi.

Alifika nyumbani mchana wa baridi, ukungu umetanda kwenye mteremko. Mama yake alikuwa uani anapepeta maharage. Nikolausi alisimama mbali kidogo, akaogopa kufungua mdomo.

"Shikamoo, mama."

Ungo ulisimama hewani. Imakulata aliinua uso, akamtazama mwanawe, kisha akatazama kando yake, akanyanyuka upesi na kujifunga kanga vizuri, kama mwanamke aliyekutwa na mgeni wa heshima bila kujiandaa.

"Marahaba, baba," alisema. "Karibuni. Karibuni ndani, kuna baridi."

Na aliingia jikoni kutafuta kigoda cha pili.